UZI: Kuvuka mpaka wa Meksiko kwenda kula na kununua. Mbichi kula kulekule, rudi na vikavu

#1 Nahodha_Kusini

Wakuu salaam. Kila mara anaingia mdau wa San Diego, Tucson, El Paso au Houston akiuliza habari za kwenda upande wa pili kula na kununua vitu, na majibu yanatawanyika. Tuyaweke hapa pamoja. Mwenye kujua kipande chake aandike kwa kina: vipimo, maneno yanayoandikwa kwenye vibao, na kinachoharibika.

Naanza na makaratasi, maana ukikosea hapo taco (chapati ndogo ya mahindi iliyokunjiwa nyama au samaki) haina maana tena.

Raia wa Marekani: pasipoti au kadi ya pasipoti. Mwenye green card: beba kadi pamoja na pasipoti ya nchi yako. Meksiko haimdai viza mkazi wa kudumu wa Marekani wala mwenye viza ya Marekani ambayo haijaisha, hata kama pasipoti ni ya Kenya au Tanzania. Ruhusa ya mgeni ya siku 7 au pungufu kwa njia ya nchi kavu hailipiwi.

Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ambayo haijaamuliwa: USIVUKE. Ukitoka bila kibali cha kurudi kilichotolewa mapema, kesi huhesabiwa kuwa umeitelekeza. Wakimbizi waliokwisha kubaliwa, ndugu zetu wengi wa Kongo wamo humu, wapate kwanza hati ya kusafiria ya mkimbizi, kisha waulize ubalozi mdogo wa Meksiko ulio karibu nao kabla ya kusogea mpakani.

Kwa miguu ndiyo njia nyepesi. San Ysidro, lango la San Diego kwenda Tijuana, unashuka treni ya Blue Line kituo cha mwisho na lango liko palepale. Nogales unaegesha gari upande wa Arizona, unatembea dakika chache uko sokoni. Ukienda na gari, fahamu kwamba bima ya Marekani haitambuliki kule. Lazima ukate bima ya Meksiko ya kufidia watu wengine. Na kagua gari lote, buti na chini ya viti: risasi moja iliyosahaulika ni kesi ya jinai.

Kwenda ni dakika chache. Kurudi ndiko kwenye foleni. Jumapili alasiri ni mbaya kuliko siku zote, na alfajiri za siku za kazi kuna wafanyakazi na wanafunzi. Forodha ya Marekani ina programu ya simu inayoonyesha muda wa foleni kwa kila lango. Itazame kabla hujaagiza sahani ya mwisho.

#2 Chuo_Arizona

Asante mkuu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo (F-1) ambayo imeisha lakini I-94 (rekodi ya kuingia na muda wa kukaa Marekani) iko sawa, anaweza kwenda na kurudi?

#3 Nahodha_Kusini

Upande wa Marekani upo utaratibu wa kumrudisha: safari isizidi siku 30, I-94 iwe hai, I-20 (fomu ya chuo) iwe na saini ya safari, na asiwe ameomba viza mpya katika safari hiyo. Wengi wanaishia kusoma hapo. Kuna upande wa pili: msamaha wa Meksiko unamtaka mtu awe na viza ya Marekani iliyo HAI. Pasipoti yako ikiwa ni ya Tanzania na viza imeisha, Meksiko inakuhesabu mtu anayehitaji viza yao. Kwa hiyo ubalozi wao kwanza, mpaka baadaye.

#4 Bi_Mwanaisha

Nachangia upande wa chakula, hasa kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, maana kwenye vibao vya kule nguruwe ana majina mengi.

Haya ni nguruwe moja kwa moja: carnitas, al pastor, adobada, chorizo, cochinita, chicharrón, buche, cueritos, jamón, tocino. Al pastor inawakosesha wengi kwa sababu inazunguka kwenye chuma wima kama shawarma, na kweli asili yake ni shawarma: wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani walileta ufundi ule Puebla, ikawa tacos árabes, baadaye nyama ikawa ya nguruwe yenye pilipili nyekundu na nanasi juu.

Za ng'ombe: asada (ya kuchoma), suadero, lengua (ulimi), cabeza (kichwa), birria de res. Birria peke yake, bila neno "res", inaweza kuwa mbuzi, na huyo mbuzi akipikwa vizuri hana tofauti kubwa na supu ya Jumapili ya kwetu. Upande wa Nuevo Laredo na Monterrey tafuta cabrito, mwanambuzi wa maziwa anayechomwa mbali na moto.

Hatari kubwa lakini ni mafuta, si nyama. Neno ni MANTECA. Manteca de cerdo au de puerco ni mafuta ya nguruwe. Manteca vegetal ni ya mimea. Yanaingia kwenye maharage ya kupondwa (frijoles refritos), tamales (donge la mahindi la kupikwa kwa mvuke), tortilla (chapati nyembamba) za ngano, mikate mitamu, na vibanda vingine hukaangia humo samaki. Uliza hivi: "¿Lleva manteca de puerco?" Maharage salama zaidi ni frijoles de la olla, yaliyochemshwa tu, ila chungulia kama kuna vipande vya nyama. Tortilla ya mahindi ya kawaida haina mafuta kabisa: mahindi, chokaa, maji.

Kuhusu kuchinjwa, nyama ya kibandani usidhani ni halali. Anayeshika sharti hilo abaki na samaki, kamba, jibini, mayai na maharage. Wala hapati shida: pwani ya Baja California, upande wa Tijuana, kula yao ni samaki. Taco ya samaki ya Ensenada ni kipande cha samaki mweupe kwenye uji wa unga, kinakaangwa, kabichi juu, kachumbari, sosi nyeupe, ndimu. Uji wa unga wakati mwingine huchanganywa bia, hivyo ulizia: "¿Lleva cerveza?" Kama jibu ni ndiyo, agiza pescado a la plancha, wa kukaangwa kwenye bati.

Kingine: chuma kile kile kinachomea asada ndicho kinachomea adobada. Kibanda chenye vyote viwili, pita. Chagua kibanda kinachouza asada tu, na vipo vingi.

Pipi na jeli: "grenetina" ni gelatini, na kwa kawaida hutoka kwa nguruwe au ng'ombe bila kuelezwa.

#5 Mla_Asada

Bi Mwanaisha umemaliza. Niongeze namna ya kupima kibanda. Usitazame usafi wa kibao, tazama mwendo. Nyama inatoka motoni, inakatwakatwa, inaingia kwenye tortilla, imeisha. Kibanda chenye rundo la nyama iliyokwisha katwa imekaa pembeni, usikae. Kitunguu na kotmiri viwe vikavu na vyenye rangi. Vikianza kulowana vimekaa tangu asubuhi. Sosi ziwe kwenye barafu au zibadilishwe mara kwa mara. Ile ya parachichi ikiwa ya kahawia juu, iache. Maji kunywa ya chupa, hata barafu iwe ile ya kiwandani yenye tundu katikati.

Bei kwenye kibao ni ya taco moja, na ni ndogo: mtu mzima hula tatu hadi tano. Unalipa mwisho. Kanuni ya pale ni kuaminiana, wewe mwenyewe unahesabu ulizokula na kumtajia.

#6 Fundi_Chokaa

Nazungumzia mahindi, maana ndipo watu wetu wanapopotea zaidi. Wanaona mfuko umeandikwa "harina de maíz", mweupe, laini, bei nzuri, wanabeba kilo nne kwa ajili ya ugali. Wanasonga, unatoka mzito, unanata mkononi, una harufu ya chokaa. Halafu wanaulaumu mfuko.

Unga ule umepikwa. Neno la kutafuta kwenye mfuko ni "nixtamalizado". Mahindi yamechemshwa na chokaa, yakalowekwa, yakaoshwa, yakasagwa, yakakaushwa. Ni wa tortilla, si wa ugali. Kwa ugali unahitaji unga wa mahindi mabichi makavu, na huo utaupata kirahisi zaidi kwenye duka la Kiafrika upande wa Marekani. Ukichukua ule wa nixtamal, pika nao kilichokusudiwa.

Kwa nini chokaa? Kwanza inalegeza ganda. Pili, kalsiamu inaufanya unga ushikamane kama donge la chapati ingawa mahindi hayana kile kinachovuta kwenye ngano. Tatu, inafungua niasini (vitamini) iliyofungwa ndani ya mahindi. Watu waliohamia kula mahindi matupu bila chokaa, Ulaya na kusini ya Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Magadi hayatoi kazi hiyo. Magadi yatalainisha, lakini donge litapasuka. Chokaa ya tambuu ndiyo nasaba yake: "cal", ile ya chakula. Usichukue mfuko wa fundi mwashi.

Anayetaka kuifanya nyumbani kuanzia punje:

Mahindi makavu meupe kilo 1, cal gramu 10 (kijiko kimoja cha mezani cha kujaa kidogo), maji lita 3. Koroga cal kwenye maji, tia mahindi, weka moto wa wastani. Yakianza kuchemka punguza, acha yachemke taratibu dakika 30 hadi 45. Ganda litageuka njano. Chukua punje moja, isugue kwa vidole: ganda likitoka kama ngozi ya ndizi iliyoiva, zima moto. Ndani punje bado iwe na kiini kigumu cheupe. Ukiona imelainika hadi katikati umepitiliza, na hapo utapata uji badala ya donge. Funika, acha usiku mzima.

Asubuhi mwaga maji ya njano, osha mara mbili au tatu ukisugua kidogo. Usioshe mpaka kila ganda liishe. Ganda kidogo linasaidia kushikana. Saga yakiwa bado na unyevu, kwenye kinu cha mkono kilichokazwa sana, maji kidogo kidogo.

Donge likiwa sawa linakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Bonyeza kidonge kati ya viganja. Kingo zikipasuka, ongeza kijiko cha maji. Likinata kiganjani, acha lipumue dakika kumi bila kufunikwa. Tengeneza vidonge vya gramu 30, kandamiza kati ya plastiki mbili, weka kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali: sekunde 20 upande wa kwanza, geuza, dakika moja, geuza tena. Hapo inatakiwa ivimbe kama chapati iliyosukumwa vizuri. Isipovimba, moto mdogo au donge kavu. Zirundike ndani ya kitambaa. Mvuke wa humo ndio unaomalizia kuziivisha.

Cal ikizidi: tortilla ya njano, chungu kidogo, inateleza ulimini kama sabuni. Ikipungua: ganda haling'oki na donge linamomonyoka.

#7 Mla_Asada

Fundi, na za kununua tayari tortillería (duka la tortilla)?

#8 Fundi_Chokaa

Zinauzwa kwa uzito, kilo au nusu, zikitoka mashineni moto. Zitafungwa kwenye karatasi. Usizihamishie kwenye mfuko wa plastiki zikiwa moto: zinatoa jasho, zinashikana, kesho yake zimechacha. Beba kitambaa chako. Zikipoa kabisa ndipo plastiki, kisha friji. Kuvuka nazo forodha hakuna tatizo, ni kitu kilichookwa.

Nogales na jimbo lote la Sonora usirudi bila tortilla za ngano, zile pana zinazokaribia urefu wa mkono, nyembamba hadi unaona kivuli cha kidole. Mtu wa chapati ataelewa kazi iliyomo. Ila swali la Bi Mwanaisha la manteca linahusu hizi kuliko kitu kingine chochote.

#9 Forodha_Siyo_Adui

Kuhusu kurudi na chakula, kanuni ya kichwa cha uzi ni sahihi: kibichi kula kulekule, beba kikavu, kilichopikwa au kilichookwa.

Vinavyokamatwa kila siku: embe, chungwa, pera, tofaa, pichi, kiazi mviringo kibichi, muwa, mayai mabichi, kuku mbichi, nyama yoyote ya nguruwe ikiwemo chorizo na soseji zenye nguruwe ndani, mimea yenye udongo. Parachichi lina kanuni yake: lenye kokwa halipiti, na California ni wakali hata kwa lililotolewa kokwa. Kisa ni nzi wa matunda na funza wa kokwa. Embe moja yenye mayai ya nzi inaweza kufunga biashara ya bonde zima, ndiyo maana hawasikilizi kwamba ni moja tu ya mtoto.

Vinavyopita kwa kawaida: mkate, tortilla, jibini gumu, maharage makavu, pilipili kavu, viungo vya kusaga, kahawa iliyokaangwa, pipi, asali ya matumizi ya nyumbani, ndizi, nanasi, papai, stroberi, ndimu. Kanuni hubadilika ugonjwa wa mifugo au mdudu akizuka, kwa hiyo soma orodha ya forodha wiki ile ile unayokwenda.

Jambo moja linaokoa yote: TAJA. Afisa akiuliza una chakula, usijibu "kidogo tu". Taja kimoja kimoja. Kitu kilichotajwa ambacho hakiruhusiwi kinatupwa, basi. Kitu kilichofichwa ni faini, na hata kwa mara ya kwanza inaanzia mamia ya dola. Mwenye kadi ya njia ya haraka anaweza kunyang'anywa na kadi.

Bidhaa za dola 800 kwa mtu zinaingia bila ushuru mara moja kila siku 30. Pombe lita moja kwa mwenye miaka 21, na Texas ina kodi yake palepale darajani.

#10 Sokoni_Daima

Pesa. Alama ya peso ni $ ile ile. Kibao kikisema $180 si dola. "M.N." ni peso, "dlls" au "USD" ni dola. Mahali pasipo na herufi, uliza kabla ya kukaa.

Dola zinapokelewa mpakani kote, lakini muuzaji ndiye anayepanga kiwango na atakurudishia chenji ya peso. Toa peso kwenye mashine iliyo NDANI ya benki. Mashine hiyo na kifaa cha kadi dukani vitakuuliza ulipe kwa dola au peso: chagua peso kila mara. Ukichagua dola umekubali kiwango chao.

Bei ya dukani tayari ina kodi. Mwaka 2019 ukanda wa mpaka wa kaskazini uliwekewa asilimia 8 badala ya 16. Bahashishi mgahawani ni asilimia 10 hadi 15. Kupatana bei ni kwenye vinyago, mablanketi, ngozi na vito vya madini ya fedha. Kwenye chakula na duka lenye bei iliyobandikwa hapana. Fedha halisi ina mhuri wa 925, lakini mhuri wenyewe unagongwa kirahisi, kwa hiyo vitu vya thamani nunua dukani, si mkononi mwa mpita njia.

Madaraja mengi ya Texas yanalipiwa hata kwa miguu. Weka sarafu mfukoni.

#11 Bi_Mwanaisha

Vitu vya kubeba vinavyomfaa mpishi wa kwetu, kwa haraka. Piloncillo ni sukari guru, umbo la pia, tumia kama ulivyozoea. Flor de jamaica ni rosela: vikombe viwili vya maua kwa lita mbili za maji, chemsha dakika kumi, acha ipoe, chuja, ndipo sukari. Canela yao ni mdalasini laini unaovunjika kwa vidole, tabaka nyembamba kama karatasi ya sigara, si gome gumu la dukani. Huo ndio wa horchata, kinywaji cha mchele: kikombe cha mchele, kijiti kimoja cha canela, maji vikombe vinne, loweka usiku, saga, chuja kwa kitambaa. Ikiwa na mchanga mdomoni haikuloweka vya kutosha au ulichuja kwa chujio la chai.

Vanila ndipo nasimama. Meksiko ndiko mmea ulikotoka, kwa hiyo watu wanaamini kila chupa. Chupa ya lita moja ya bei ya soda si vanila. Ikiandikwa "sabor" au "saborizante" ni harufu ya kiwandani, na zingine zimewahi kukutwa na kumarini, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 1954 kwa kudhuru ini. Tafuta "extracto", orodha ya viambato iliyo kamili, na alkoholi karibu asilimia 35. Ukikosa, nunua maganda ya vanila yenyewe. Asiyetaka alkoholi, maganda ndiyo.

Vyungu vya kung'aa: kazi nyingi za mikono bado zinapakwa rangi yenye madini ya risasi (plomo), na siki, ndimu au nyanya huitoa ikaingia kwenye chakula. Weka ukutani. Kupikia chukua kilichoandikwa "sin plomo" kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuambia kilichomwa wapi, na ukifika nyumbani kipeleke kipimwe kama kuna watoto.

#12 Mzee_wa_Laredo

Nitie historia kidogo, maana vibao vya mpakani vinajivunia.

Saladi ya Caesar ilitoka Tijuana, kwa Caesar Cardini, Muitaliano, mwaka 1924, wakati Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe (1920 hadi 1933) na watu wakivuka kunywa na kula. Nachos zilitoka Piedras Negras, mkabala na Eagle Pass, miaka ya mwanzo ya 1940, kwa Ignacio Anaya. "Nacho" ni kifupi cha Ignacio. Nenda uone sahani ya asili: tortilla ya kukaanga, jibini, pilipili jalapeño. Basi.

Biashara ilikuwa ya pande zote. Peso ilipoanguka 1982, maduka ya Laredo na miji ya upande wa Texas yalitetereka kwa sababu wateja wake walikuwa Wameksiko. Januari 1993 zilifutwa sifuri tatu kwenye peso, ndiyo maana noti za zamani sokoni zina tarakimu kubwa na hazinunui kitu. Na hadi tarehe 1 Juni 2009 raia wa Marekani alirudi bila pasipoti, kwa leseni na cheti cha kuzaliwa.

Andrade, lango la California, kwa wanaokwenda Los Algodones kwa meno na miwani: lango linafungwa saa 4 usiku. Ukichelewa unazunguka hadi lango lingine.

#13 Kinu_na_Mchi

Dawa hamjazigusa. Kwa ufupi: vidonge vya maumivu na vya usingizi visinunuliwe mpakani bila daktari. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa onyo kuhusu maduka ya dawa yaliyouza vidonge vya bandia vyenye fentanyl, dawa kali ya kulevya inayoua. Tuachie hapo.

Mimi nilikuja kwa molcajete, kile kinu cha jiwe chenye miguu mitatu. Halisi ni jiwe la volkano, basalti. Cha bandia ni saruji iliyotiwa rangi. Namna ya kupima dukani: mwagia maji kidogo ndani. Jiwe zuri linashikilia maji na kuyanywa polepole. Saruji inayanywa papo hapo na kutoa harufu ya ukuta mbichi. Sugua kidole, kikitoka kijivu kizito, rudisha. Vitundu viwe vidogo na vya ukubwa tofauti. Vikiwa sawasawa kama vimepigwa chapa, vimepigwa kweli. Na kiwe kizito.

Kabla ya kutumia lazima ukitibu. Brashi na maji, bila sabuni. Kikauke. Tia konzi ya mchele mbichi uliolowa, saga kwa nguvu hadi uwe unga. Utatoka kijivu. Mwaga, suuza, rudia. Mara nne au tano mchele unatoka mweupe. Mwisho saga punje nne za kitunguu saumu, kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha bizari nyembamba, paka kuta zote, kaa siku moja, suuza.

#14 Chuo_Arizona

Na mchele ukitoka kijivu hata mara ya kumi?

#15 Kinu_na_Mchi

Ni saruji. Panda humo mti wa pilipili.